Tairi Zilizopata Tisa

Shule niliachia kidato cha pili, na sababu nimeshazitaja nyingi: ada, umbali, malaria. Ukweli ni kwamba mimi na hesabu tulikuwa hatusalimiani. Tangu darasa la kwanza hakuna mwalimu aliyewahi kuniandikia tisa juu ya kumi. Tisa yangu ya kwanza niliipata nina miaka arobaini na kitu, nimechuchumaa kando ya barabara ya bandarini hapa Mtwara, mikono myeusi kama mkaa. Na hata hiyo hawakunipa mimi, walizipa tairi. Lakini nilizibeba maksi zile kama zangu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Mimi ni fundi tairi. Kijiwe changu kina mashine ya upepo, jeki mbili, beseni la kutafutia pancha na benchi la watu wasio na gari, ambao ndio wanaojua magari kuliko wote. Watu hawaji kuziba tu. Wanakuja na tairi za mtumba, zile zinazoshuka na makontena, niziangalie kabla hawajanunua. Wauzaji wanazipaka dawa nyeusi mpaka zinang'aa kama bwana harusi. Mimi nabonyeza kwa ukucha, nanusa, nakunja kashata, yale meno ya tairi, kwa kidole gumba natafuta nyufa. Halafu nasema, "Hii imelala sana kwenye kontena, mwachie mwenyewe." Wakaniita Profesa. Na mtu aliyeishia kidato cha pili ukimwita Profesa, anaanza kutembea polepole.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mwalimu wa sekondari, mtu wa Bukoba, anafundisha fizikia. Alipata gari dogo, tumbo lake liko chini kiasi kwamba kuku akipita mbele yake unasubiri kwanza atoke. Tairi zilikuwa vipara. Akasikia kuna duka lina tairi nne za kutoka Ulaya, pana, fupi ubavuni, za magari ya mbio. Tukaenda wote. Nikazinusa. Nikabonyeza. Nilikuwa sijawahi kushika mpira mtamu namna ile, laini kama sikio la mtoto.

"Hizi ni za kiangazi," mwalimu akasema, kasoma ubavuni na kwenye simu. "Wenzetu wana tairi za kiangazi na tairi za baridi."

"Kama sisi na nguo za Idi na za shamba," nikamwambia. "Ila huku kwetu kiangazi hakiishi, mwalimu. Zimefika nyumbani."

Akanunua. Na kwa kuwa ni mtu wa fizikia, hakutaka neno langu tupu. Alisema tuzifanyie mtihani wa haki. Mimi nilikuwa nimeangalia video nyingi za wazungu wanaopima tairi kwenye uwanja wenye maji, wana kofia na mashine za kuhesabu. Nikasema sisi tuna nini pungufu? Tuna barabara, tuna maji, tuna miguu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, korosho bado hazijaanza kuteremka, malori ya bandarini hayapo. Tukaweka dumu la njano kando ya lami. Mwalimu anakuja na themanini, akifika kwenye dumu anakanyaga breki, mimi nahesabu hatua mpaka gari lilipolala. Zile za zamani zilikwenda hatua thelathini na tisa. Hizi mpya, ishirini na nane. Nikarudia kuhesabu, maana mimi na hesabu mnatujua. Ishirini na nane. Halafu tukamwaga madumu ishirini ya maji barabarani, tumeyaleta kwa guta. Mama mmoja muuza vitumbua akapita na beseni lake kichwani, akasimama.

"Mnaiogesha barabara?"

"Tunapima tairi, mama."

"Haya. Mkimaliza mniogeshee na choo."

Kwenye maji napo gari lilishika kama limepigiliwa msumari. Kwenye kona likapita wima, halilii. Mwalimu akachana karatasi kwenye daftari la shule, akaandika kwa kalamu nyekundu: breki pakavu tisa, breki kwenye maji tisa, kona tisa, kelele nane. Chini akapiga mstari, akaandika TISA, akazungushia duara. Nikamwomba ile karatasi. Nikaibandika kijiweni kwa gundi ya pancha, na kila mteja aliyekuja nilimsomea, hata aliyekuja kujaza upepo wa baiskeli.

Sasa mama yangu. Mama anakaa Nanyamba, ana mikorosho yake na muhogo, na ana dada mmoja tu aliyebaki, mama mkubwa, aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma tangu sisi hatujazaliwa. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Mama mkubwa hana simu. Habari zake zinaletwa na mfanyabiashara mmoja wa samaki anayevuka. Mwezi ule yule bwana akaleta neno: dada yako atavuka Jumamosi kuja kivukoni Kilambo, atakaa upande wa huku mpaka maji ya bahari yaliyopanda mtoni yatakapoanza kutoka, mchana, kisha anarudi na mtumbwi uleule. Ameacha wajukuu, na kule kwao siku hizo mambo hayakuwa shwari, hataki kulala nje. Kwa hiyo ni saa chache tu.

Mama akaja Mtwara Ijumaa. Kwenye mfuko ana doti mpya ya khanga, haijakatwa. Yeye na dadaye ndivyo walivyozoea tangu usichana: ananunua mmoja, wakikutana mmoja anashika huku, mwingine anashika kule, wanaikata katikati, kila mtu anaondoka na upande wake. Mama alikuwa na pande mbili za namna hiyo, zimechakaa mpaka unaona mwanga.

"Pikapu ya Kilambo inaondoka alfajiri," akaniambia wakati tunakula. "Nimeshaongea na dereva. Kaniwekea kiti cha mbele."

"Mama, pikapu ile tairi zake kama magome ya mti. Utafika mgongo umekuwa vipande."

"Nitafika lakini."

"Kuna gari la mwalimu. Ameshakubali kutupeleka. Tairi zake zina tisa juu ya kumi."

"Kazipa nani?"

"Mimi na mwalimu."

"Mmejipa wenyewe."

Akatoka na taa ya simu kwenda kuziangalia. Akaigusa moja kwa ncha ya kandambili. "Mbona nyayo zake nyororo hivi? Na jana mvua imenyesha."

Hapo nilikuwa na nafasi. Mtu mwenye akili angesema, kweli mama, panda pikapu. Mimi nikawageukia majirani barazani nikasema, "Mama yangu bwana, mkimwachia ataenda Kilambo na trekta." Wakacheka. Mama naye akacheka, maana ananipenda, akampigia dereva wa pikapu kumwambia kiti ampe mtu mwingine. Kile kicheko chake mimi mpaka leo sikitaki kukikumbuka.

Tuliondoka saa mbili asubuhi, tumekunywa chai, tumeshiba, hatuna haraka. Kwenye lami gari lilikwenda kama linateleza juu ya mafuta. Nikageuka nyuma.

"Unasikia kelele yoyote, mama?"

"Sisikii."

"Hiyo ndiyo nane."

Lami ikaisha. Mwanzoni ilikuwa mchanga mgumu, tukaenda. Halafu tukaingia kwenye mfinyanzi, ile rangi ya chungu kabla hakijachomwa, umelowa mvua ya usiku. Hata dakika kumi hazikupita. Zile kashata nilizozisifia zina mifereji myembamba ya kutoa maji, na maji zinatoa, sibishi. Lakini tope si maji. Tope liliingia halikutoka. Nilipochungulia dirishani sikuona kashata hata moja, tairi zimekuwa kama mitungi, nyororo kabisa. Mwalimu anakata kushoto, gari linakwenda kulia. Likateleza polepole, kwa adabu, mpaka mtaroni, na ule ubavu mfupi ukabanwa kati ya rimu na kisiki cha mkorosho. Ukapasuka. Spea iliyokuwa nyuma ni ile nyembamba kama ya baiskeli.

Wanaume wa kijiji cha jirani wakaja kusukuma. Mmoja akanitambua.

"Si Profesa huyu?"

"Ndiye," mwenzake akasema. "Kaja kuvifundisha viazi humu mtaroni."

"Fundi, hili gari ni la sebuleni. Lifutie miguu ulirudishe ndani."

Siku nyingine ningejibu. Nilikuwa nasukuma huku namwangalia mama. Alikuwa amekaa juu ya mzizi, mfuko mapajani, anaangalia jua.

Saa sita ile pikapu ikaja, inatoka Kilambo kurudi Mtwara. Tairi zile za magome zinatupa tope huku na huku kama zinamenya kitu. Dereva akasimama.

"Shikamoo, mama. Kiti chako kilikosa mtu, nimekwenda nacho kitupu mpaka mtoni. Kuna mama kule anakuulizia kwa kila anayeshuka."

"Yuko mzima?"

"Mzima. Ila maji yanatoka. Saa saba mtumbwi wao hautakuwepo tena."

Nikamwomba ageuze. Alitaka. Lakini nyuma alikuwa na mwanamke amelazwa kwenye godoro, uchungu umemshika tangu jana, anapelekwa hospitali. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Nenda, baba. Huyo hasubiri." Akaenda.

Tukatafuta bodaboda kijijini. Mama ana nyonga mbovu, bodaboda hajapanda miaka. Tukambeba wawili tukamkalisha, mfuko kaukumbatia, na kijana akaondoka naye, wanayumba kwenye tope lile mpaka wakapotea. Mimi nikabaki na tairi. Nikaitoa, nikatoa tope kwenye mifereji kwa bisibisi, mfereji mmoja mmoja, kama kwamba ikitakata kuna kitu kitarudi.

Alirudi jioni na bodaboda ileile, gari tumeshalitoa mtaroni na ile spea tumeifunga. Hakulia. Alikaa kiti cha nyuma akatueleza kama anaeleza habari ya mtu mwingine. Alifika mtoni mtumbwi umeshakaribia ng'ambo. Muuza chai akamwambia dada yako alikataa kupanda mara mbili, mwenye mtumbwi akamwambia mara ya tatu nakuacha. Mama akaitoa doti mfukoni, akaikunjua, akaipunga. Kule ng'ambo watu walikuwa wanashuka, wadogo kama siafu. Mmoja akapunga.

"Alikuwa ni yeye?" mwalimu akauliza.

"Mtu akipungiwa anapunga," mama akasema. "Nitajuaje?"

Karibu na kuingia mjini, kwenye lami, gari likawa halina kelele tena, na ndipo mama akaniuliza, taratibu kabisa, si kwa ubaya:

"Na matope mliyapa ngapi?"

Mwalimu akaangalia barabara. Mimi nikasema, "Hilo swali hatukulitunga, mama."

"Ahaa," akasema.

Zile tairi sizilaumu. Tatu zilizobaki mwalimu anazo, kaongezea ya nne, na kila siku anakwenda nazo shuleni na kurudi, lami tupu, na kusema kweli sijashika tena tairi nzuri kama zile. Nilizipima vizuri. Nilinusa, nilibonyeza, nilihesabu hatua mpaka nikapatia. Ila sikuuliza tunakwenda wapi. Mtihani niliutunga mwenyewe, nikaufanya mwenyewe, nikafaulu, na aliyefelishwa ni mama.

Ile karatasi niliibandua jioni ileile. Gundi ya pancha haina mchezo, ilitoka na rangi ya ukuta. Siku hizi kabla sijagusa tairi ya mtu namuuliza kwanza anapita njia gani, mwezi gani, na nani. Juzi bwana mmoja akaniuliza, "Fundi, mke wangu kakutuma?" Benchi zima likaangua kicheko, nami nikacheka. Lakini sikumfungia tairi mpaka aliponijibu.

Yule mfanyabiashara wa samaki hajavuka tena. Tulisikia kijiji cha mama mkubwa watu wake walihama, wengine wakaenda huku, wengine kule, na hakuna aliyetuambia yeye alikwenda wapi. Kila mwaka mvua zikikaribia, yule dereva wa pikapu ananiletea tairi zake nizikague. Kwake siulizi njia. Nabonyeza, nanusa, nahesabu kashata zilizobaki, na kabla hajaondoka namwambia kiti cha mbele akiweke.

Mara mbili nimekwenda Nanyamba kumwambia mama kiti kipo, twende Kilambo, hata tukaulizie tu. Mara ya kwanza alisema mikorosho inataka kupuliziwa dawa. Mara ya pili alikuwa anapanga nguo sandukuni, na ile doti ilikuwa juu, bado nzima, mstari wa katikati haujaguswa. Mke wangu, niliyekwenda naye, bila kujua akasema, "Mama, lete wembe nikukatie, uanze kuivaa."

Mama akaichukua, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya nguo nyingine.

"Hiyo inataka mtu wa kushika upande wa pili," akasema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono mitupu. Nikaona nitoke nje nikaangalie upepo wa tairi za gari lililotuleta.