Mteka Maji wa Asembo Bay

Jerikeni ya mafuta ya kupikia, hata ukiisugua kwa mchanga mwaka mzima, hutia maji harufu ileile. Juzi nilifungua moja jikoni kwangu Kisumu, nikarudi Asembo Bay, kwenye wivu wangu wa kwanza wa maana.

Watoto wa kanisani tulikuwa tukiandaa igizo: Musa anawasimamisha Waisraeli wote mbele za Mungu wafanye agano, wakuu, wazee, wanawake, watoto, wageni, mpaka mchanja kuni na mteka maji. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo nilijua nafasi ya mzee ni yangu. Mwalimu Rose akanipa jerikeni.

"Mwalimu, si mimi ndio mtoto wa mzee?"

"Ndiyo maana unajua njia ya ziwa, mama."

Nafasi ya mzee akapewa Wanjiru, binti wa muuza viazi aliyehamia kwetu kutoka Nyeri. Baba mwenyewe akavua kofia yake, ile ambayo sisi hatukuruhusiwa hata kuipangusa vumbi, akamvalisha. Akamwita nyathina, mwanangu, neno nililodhani lina mwenyewe. Kofia ilimfunika masikio. Nilitamani imfunike yeye mzima.

Siku ya igizo niliijaza jerikeni mpaka shingoni, watu wauone mzigo wangu. Uzito ukanishinda njiani. Nilipoukaribia uwanja, wote walikuwa wameshajipanga juani, Musa akitokwa jasho ndani ya shuka la mama yake.

"Si tuanze tu, Mwalimu? Huyo ni wa maji," Musa akalalamika.

"Bado. Imeandikwa wote. Simama hapo."

Wanjiru akatoka mstarini, kofia ikimwangukia puani, akashika jerikeni upande mmoja. Watu wakampigia makofi. Yeye, si mimi. Nilimchukia mpaka kwenye viazi vyao.

Chuo kikuu nilisoma jinsi walimu wa Kiyahudi wanavyolieleza agano lile: hata kama wako wakuu na wazee, mbele za Mungu wote ni sawa, na kila mmoja ni mdhamini wa mwenzake. Nikaandika insha ndefu juu ya usawa, nikasifiwa, wala sikuikumbuka jerikeni. Ilibidi harufu ya mafuta inifundishe kwamba siku ile kanisa zima lilisimama juani likinisubiri mimi, nami macho yangu yalikuwa kwenye kofia.