Usukani wa Gari la Moshi

Nilianza kutengeneza gari la moshi kabla sijawahi kuliona. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia nilivyohangaika na magurudumu hudhani nilikuwa mjinga. Kwetu Kanja, huko Embu, hakuna reli, na hapa Meru mjini nilikokuja kuajiriwa pia hakuna. Reli ya karibu inaishia Nanyuki, upande wa pili wa mlima, na katika miaka hii ya Hali ya Hatari, vita vikiwa msituni na mtu hatembei bila ruhusa ya serikali, Nanyuki kwa Mwembu ni mbali kama Ulaya.

Picha niliipata kwenye mfuniko wa mkebe wa biskuti. Mkebe huo ulikuwa juu ya rafu katika bucha ninakofanya kazi, na Mzee mwenye bucha alikuwa akiweka visu vidogo ndani yake. Juu ya mfuniko lilichorwa gari la moshi jeusi lenye mstari mwekundu, limechorwa kwa ubavu, likivuta mabehewa. Kila nilipotumwa kisu nilichelewa kurudi. Mzee aliwahi kuniuliza mbele ya wateja kama biskuti zimeota upya humo ndani. Baadaye alinipa ule mfuniko, labda ili nyama ya watu ikatwe kwa wakati.

Kijana yeyote wa huku amewahi kuunda gari la waya. Unapinda bodi ya waya, unalitia magurudumu ya vifuniko vya mikebe ya rangi ya viatu, halafu unaweka usukani wenye mpini mrefu ili ulisukume ukiwa umesimama. Kazi hiyo niliijua vizuri, na hakuna aliyenifundisha. Nikadhani gari la moshi ni jambo lilelile, ila refu zaidi.

Mzee aliniwekea sharti moja. Aliniambia bati niokote, waya niokote, lakini bomba la chuma nisiliguse hata nikilikuta limelala mlangoni. Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Homgadi, wale walinzi wa serikali vijijini, wakikuta bomba na springi chumbani mwa kijana wa Kiembu, hawamwulizi kama anaunda gari la kuchezea au bunduki. Kwa hiyo tangi la injini yangu lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na reli nilizitengeneza kwa mikanda ya chuma inayofungia makasha ya madukani. Niliinyoosha kwa nyundo, nikaisimamisha kwa ukingo ndani ya vipande vya mbao nilivyovichanja kwa msumeno wa mifupa.

Nilifanyia kazi nyuma ya banda la ngozi, mahali ambapo harufu iliwafukuza wengi. Hapo ndipo nilipojifahamu nilivyo. Nilikata madirisha ya behewa moja moja, na dirisha moja likizidi mengine hata kidogo tu, nilitupa ubavu mzima nikaanza upya. Nilipaka masizi na mafuta ya ng'ombe hadi injini ikang'aa. Nikaunda mtu wa waya, nikamkalisha mbele, nikampa usukani. Usukani ule niliuunganisha na magurudumu ya mbele kwa ustadi ambao hata leo siuonei haya. Ukiuzungusha kushoto, magurudumu yanakwenda kushoto.

Kwenye reli iliyonyooka gari lilikwenda vizuri. Likifika kwenye kona lilianguka. Nilibadili kona, likaanguka. Niliongeza mdomo wa gurudumu upande wa nje ili lishikilie reli kama mkono unavyoshika ukingo wa meza, likaanguka na kupinda dohani. Picha yangu ilionyesha ubavu tu. Chini ya gari, mahali magurudumu yanapokutana na reli, mchoraji alikuwa amepaka majani.

Sasa niseme habari za mtoto wa Mzee, maana bila yeye nisingekuwa na cha kuandika. Tulikuwa rika moja. Mama yake ni Mmeru wa Nkubu, lakini babu yake mzaa baba alikuja na misafara kutoka sijui wapi, na karatasi hufuata baba. Kwa hiyo serikalini yeye ni Mswahili wa mjini. Mimi ni Mwembu mwenye pasi, karatasi ya ruhusa ya kukaa, na pasi yangu inasema Meru mjini, basi. Tulikula sinia moja, tukasukuma mkokoteni mmoja wa nyama. Lakini yeye alitoka mjini akipenda, nami nilitazama mgongo wake.

Alikuja nyuma ya banda siku moja, akalitazama gari langu, akapiga mluzi. Baada ya siku chache alikuwa na lake. Alilitengeneza kwa mikebe ya samaki, bila kuondoa karatasi za picha za samaki, dohani likiwa kibuyu cha kuwekea ugoro. Halikuwa na reli. Alilivuta kwa kamba barabarani, akilia puu kwa mdomo wake, na watoto wa mtaa wetu wa Majengo wote wakamfuata hadi sokoni. Mzee alitoka buchani na aproni ya damu, akacheka mpaka akashika mlango. Langu hakuwahi kulichekea. Langu alikuwa akilitazama, akisema, "Vizuri, vizuri," kama anavyomwambia mtu anayemwonyesha jino linalouma.

Nililionea wivu hilo gari la samaki kuliko nilivyowahi kuonea wivu nguo au chakula cha mtu. Nilijiambia halina vipimo. Nilijiambia magurudumu yake hayalingani. Yote yalikuwa kweli na hayakunisaidia.

Kisha mjomba wake, mwenye lori, akapata kazi ya kupeleka ngozi za bucha yetu Nanyuki, ili zipakiwe kwenye gari la moshi. Alihitaji mtu wa kupanda na mzigo. Ngozi hizo nilizitia chumvi mimi, nikazianika mimi, nikazikunja na kuzifunga kwa kamba ya katani. Nilijua mzigo upi una ngozi za mbuzi bila kuufungua. Mzee mwenyewe alisema anayestahili kwenda ni mimi, na mimi nilitaka jambo moja tu maishani: kuinama kando ya reli ya kweli na kuona gurudumu limekaaje.

Mzee alinipeleka ofisi ya wilaya, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Karani aliigeuza pasi yangu huku na huku. Alisema Mwembu wa kwenda Nanyuki anahitaji barua ya chifu wake wa Embu, na ili niifuate barua Embu nahitaji ruhusa ya kutoka Meru, na ruhusa hiyo haitoki wiki hii. Mzee akamweleza kuwa ngozi zitaoza. Karani akajibu kwa upole kabisa kwamba ngozi hazihitaji pasi.

Akaenda mwenzangu, mtoto wa Mzee. Aliruka tu juu ya lori akakaa juu ya mizigo niliyoifunga, miguu ikining'inia, kanga ya dada yake shingoni kwa ajili ya baridi ya Timau njiani. Aliniuliza nataka aniletee nini.

"Hakuna," nikasema.

Ningeweza kumwambia atazame magurudumu. Maneno hayo yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini kumwomba anitazamie kitu ambacho ni changu kukitazama kulinishinda. Lori lilipoondoka niliomba mvua inyeshe, lizame kwenye matope, warudi bila kufika. Mvua haikunyesha.

Aliporudi, watu walijaa barazani kwa Mzee. Alisimulia kwa mikono na mabega. Alisema ukilisimamia karibu, kifua chako kinatetemeka kama ngoma iliyowekwa karibu na ngoma nyingine. Alisema moshi ulimfunika hata akamshika mkono mama mmoja asiyemjua. Wazee walicheka, watoto walitaka arudie mlio. Nilikaa pembeni nikijifanya nanoa kisu.

"Na wewe Mwembu," akanigeukia, "lile halina usukani. Nilimuuliza dereva. Akaniuliza, usukani wa kwenda wapi?"

Baraza lote liliangua kicheko. Mzee mmoja alisema basi yule mtu wangu wa waya amefukuzwa kazi. Mwingine akasema apewe cheo cha utingo. Hawakuwa na ubaya, najua. Niliinuka nikaenda zangu kabla hajamaliza, na nyuma yangu nikasikia mlio wa gari la moshi ukianza upya, na watu wakishangilia.

Asubuhi alinikuta bandani nikipaka ngozi chumvi. Sikumwangalia. Alikaa juu ya gunia, akatoa mfukoni kipande cha kamba ya katani kilichochafuka mafuta meusi, chenye mafundo.

"Jana ulikimbia," akasema. "Hii ni yako."

Nikauliza ni nini. Akanieleza. Wakati wapagazi wakipakia ngozi, yeye aliingia chini ya behewa. Alipima kutoka reli hadi reli, akafunga fundo. Alipima unene wa gurudumu, akafunga fundo. Alikuwa anapima mdomo wa gurudumu wakati mlinzi wa stesheni alipomvuta mguu na kumtoa kama mtu anavyotoa mbuzi aliyekwama. Aliniambia mdomo uko upande wa ndani wa reli, hauko nje. Na gurudumu halizunguki peke yake juu ya chuma cha katikati, bali gurudumu, chuma hicho na gurudumu la upande wa pili huzunguka pamoja, kitu kimoja.

"Ndiyo maana lako linaanguka," akasema. "Nilidhani utataka kujua."

Sikumwomba. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu ambaye nilimwombea matope alilala chini ya behewa kwa ajili yangu na kuharibu kanzu yake. Kufikia hapo nilikuwa nimemwonea wivu kwa karatasi zake, kwa gari lake la samaki na kwa kicheko cha baba yake. Sasa nikamwonea wivu hata kwa wema wake, kwa sababu ulimtoka bila kazi, kama jasho, na mimi wema hunilazimu kuupima kwanza.

Nilibomoa magurudumu yote. Niliyakata upya kwa kufuata mafundo, nikigawa kila kipimo kwa makini ili kilingane na ukubwa wa kopo langu. Niliweka mdomo ndani, nikayabana magurudumu na waya unaoyaunganisha kwa risasi ya kulehemia iliyoyeyushwa ili yazunguke pamoja. Usukani niliukata kwa koleo. Mwenzangu alinishikia reli, akizungumza wakati wote, akiuliza kwa nini hiki, kwa nini kile, akiweka vidole vyake mahali nilipokuwa nimekwisha kupaka rangi.

Tuliliweka mwanzo wa kona, yeye akalisukuma kidogo. Likaenda. Liliinama kidogo kwenye kona, likatoa sauti nyembamba ya bati juu ya chuma, likatoka upande wa pili likiwa limesimama, mabehewa yote nyuma yake. Alinipiga bega. Mimi nikasema behewa la mwisho linayumba.

"Wewe hata peponi utauliza nani alipiga pasi kanzu yako," akasema, akalirudisha mwanzo, akalisukuma tena.

Tulilisukuma kwa zamu. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Ungekwenda wewe, na mimi ndiye niliyebaki, ungeniletea kamba?"

Jibu nililijua. Ningerudi na kila kipimo kichwani, ningebadili magurudumu yangu kwa siri, na ningemwacha avute mikebe yake ya samaki. Nililijua jibu hilo waziwazi kama ninavyolijua jina langu.

"Sijui," nikasema.

"Ungeleta," akasema. "Ila lori lingekuacha Nanyuki, bado unapima."

Akacheka, akalisukuma gari tena likazunguka, nami nikalitazama likipita kwenye kona bila kuanguka, nikiwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya mafuta meusi ambayo bado haijatoka kwenye nguo zake.