Nyasi Alizozifukia Lukresia

Lukresia aliletwa kwetu na ndoa, na nitasema wazi kwamba watu wa kwetu hawakumpenda tangu mwanzo. Walidai Wamatengo ni wakimya na wana mambo yao moyoni. Mimi nilikuwa jirani yake, na ninajua hakuwa mkimya hata kidogo. Kinyasa, lugha yetu ya ziwani, hakukijua, na Kiswahili kilimtoka taratibu, basi. Ukimpa nafasi alicheka mpaka akashika mbavu.

Mumewe, Kilian, alikuwa mtoto wa hapa kijijini, upande wa Chiwanda. Ujanani alipanda Mbinga akapata kazi ya kupakia magunia ya kahawa kwenye ghala la ushirika, na huko ndiko alikomwona Lukresia, binti wa Mkumbi. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, ghala likaachiwa panya, na Kilian akarudi nyumbani na mke na mtoto mchanga wa kike, Anjelina. Haikupita miaka mingi akaanza kukohoa na kukonda. Tulimzika wakati wa kiangazi, mtoto akiwa bado hajaanza shule.

Baada ya matanga, Edmund, kaka mkubwa wa marehemu, aliita kikao cha ukoo. Mahari ya Lukresia ilikuwa imelipwa yote, kwa hiyo Anjelina ni mtoto wa ukoo, hilo halikujadiliwa. Kilichojadiliwa ni mama yake. Edmund akaamua kwamba atapewa kipande cha bondeni, kwenye majimaji ya mpunga, kwa msimu mmoja. Akivuna cha kumtosha yeye na mwanawe, atakaa. Asipovuna, atarudi kwao Mkumbi, na mtoto atabaki. Lukresia aliitikia kwa kichwa. Kesho yake alikuja kwangu kuazima jembe, la kwake mpini ulikuwa umevunjika, akaniambia kwamba njaa haijawahi kumshinda mtu wa Mkumbi mwenye jembe mkononi. Nilimwacha ajigambe, maana alikuwa amelia vya kutosha.

Sasa, kwao Umatengoni huwezi kulima mlima bila ngolo. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana mfano wa wavu, kisha zinafukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, pale panapobaki shimo. Wanaume hulaza nyasi, wanawake huchimba. Nyasi zinaozea ndani ya tuta, udongo unapata nguvu, na mvua haiondoki na shamba. Sisi wa ziwani nyasi tunazichoma tu. Kwa Lukresia, kuchoma nyasi ilikuwa sawa na kuchoma chakula.

Basi kabla ya mvua alifyeka matete na nyasi ndefu za bondeni. Akazilaza mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mwanamume wa kumlazia, akazifukia kipande kizima. Alikuwa akianza alfajiri, kabla jua halijawaka. Nilimwambia huku hatufanyi hivyo. Akanijibu kwamba ndiyo maana mashuke ya mpunga wetu yanatia huruma. Tulicheka wote wawili.

Mvua zikaja, bonde likajaa maji kama kawaida yake. Mpunga wake ulishika vizuri, halafu ukadumaa. Majani yakageuka njano. Ukiung'oa mche, mizizi ni myeusi na inanuka yai viza. Na maji yakaanza kutoa mapovu. Mashamba ya jirani nayo yalitoa povu mojamoja, hakuna aliyejali. Lakini la Lukresia, ukikanyaga tu, lilichemka kama chungu cha maharage. Watu wakaanza kuulizana alizika nini mle. Mjane mpya, peke yake, alfajiri, anafukia vitu kwenye tope la watu! Mama mkwe wake, Bibi Rosina, akamkataza Anjelina kula chakula alichopika mama yake.

Lukresia alikwenda kumtafuta bwana shamba. Huyo alikuwa kijana wa Singida, jina lake Zabron, mpole, mwenye pikipiki ya serikali iliyokosa mafuta na matairi kwa pamoja. Miaka ile serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na waliobaki walitembea kwa miguu. Alipofika, mpunga ulikuwa umeshalala. Hata hivyo aliingia majini, akachota tope, akalinusa, akauliza alivyolima. Kisha akamweleza pale pale, nami nikiwepo. Nyasi zikifukiwa mlimani zinapata hewa. Zikifukiwa chini ya maji zinachacha, udongo unakosa pumzi na mizizi inakufa. Yale mapovu ni gesi ya huo uozo. Siyo yaliyoua mpunga, ni dalili tu.

Akaendelea kusema kwamba udongoni kuna bakteria, vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo chakula chake ni gesi hiyo hiyo. Vinaishi juu juu ya udongo na kwenye mizizi ya mpunga, mahali hewa inapofika, na vinaila gesi kabla haijatoka. Humu gesi ilikuwa imevizidi, na hewa havina. Dawa ni kuchimba mifereji, maji yatoke, udongo ukauke upumue. Msimu ujao shamba litapona.

Lukresia akamuuliza kama hakuna namna ya kuokoa msimu huu. Zabron akatazama chini, akasema hakuna.

Angeishia hapo, ningemshukuru mpaka leo. Lakini alikuwa amesikia maneno ya watu, akaona ni wajibu wake kuyamaliza. Jumapili, tulipotoka kanisani, alimwomba Edmund, Bibi Rosina na wazee wachache waje bondeni. Alikuja na faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Akaizamisha kichwa chini, kidole kimeziba tundu, huku akikoroga tope kwa fimbo. Mapovu yakaingia. Akaondoa kidole, akawasha kiberiti.

Moto wa buluu ukasimama juu ya maji.

Wanawake walirudi nyuma. Zabron alikuwa anatabasamu kama mwalimu ambaye mfano wake ubaoni umekubali. Akawaambia wamejionea wenyewe, hakuna uchawi, ni gesi. Edmund aliuangalia ule moto hadi ukazimika.

"Na hivyo vidudu visivyoonekana," akauliza, "vinavyokula moto huu. Kwao Mkumbi vipo?"

"Vipo vingi sana, mzee," Zabron akajibu kwa furaha. "Udongo wa kule umejaa. Ndiyo maana ngolo zake kule zinafaa."

"Basi tumesikia," akasema Edmund.

Nilitaka kumziba yule kijana mdomo kwa tope. Lukresia alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Alijifunika uso kwa kanga akasimama vile vile, miguu majini.

Hawakungoja hata mavuno. Ukoo uliamua mwanamke arudi kwao mvua zikikatika. Lukresia alimpigia Edmund magoti akasema shamba halitaki, nyumba haitaki, ampe mtoto tu. Edmund hakuwa mtu katili, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: aliogopa kwa dhati, akamwambia kwamba hawezi kumtoa mtoto wa marehemu mdogo wake akalelewe penye viumbe visivyoonekana vinavyokula moto. Zabron alikwenda kwake kumweleza upya mara kadhaa, na kila mara alivitaja tena vile vidudu, akazidi kumharibia. Alikwenda kutia maji, akatia mafuta.

Wiki zile za mwisho Lukresia alishinda bondeni. Nilidhani analia huko. Nilipomfuata nilimkuta ndani ya tope hadi magotini anachimba mfereji, na mwingine ameshaumaliza, maji yanaelekea mtoni. Nilikasirika. Nikamuuliza anamchimbia nani, Edmund?

Hakuinua kichwa. "Mama Glorious," akasema, "Anjelina atakula humu."

Nikavua viatu, nikashuka nikamsaidia kutupa tope.

Alipomaliza, udongo ulikauka ukapasuka nyufa, na harufu ikaisha. Siku ya lori la kupanda Mbinga, Anjelina alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake kijiji cha pili, ili asilie mbele za watu. Hawakuagana. Lukresia aliniachia gauni dogo alilomshonea, akapanda na kirago chake.

Msimu uliofuata Edmund alipanda mpunga kile kipande. Zile nyasi zilikuwa zimeshaoza sawasawa, na mpunga ukatoka mzito kuliko wote bondeni. Watu wakamsifu kwamba ana mkono wa shamba, naye akazipokea sifa. Siku moja Anjelina alikuja kukaa barazani kwangu na ungo wake, amevaa lile gauni, anachambua mchele mpya. Akaniuliza kama Mkumbi nako wanalima mpunga. Nikamwambia hapana, mlimani ni mahindi na maharage.

"Basi mama hali wali," akasema, akaendelea kuchambua.