Chupa za Mama Varsha na Friji la Bia

Kwenye msiba wa Mama Varsha nilishukuriwa mbele za watu kwa kumtunzia dawa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa 1998, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. Mimi Theonest nilikuwa muuzaji dukani kwa Girish, Mhindi tuliyemwita Baba Varsha. Mkewe, Kantaben, ndiye Mama Varsha, alikuwa na kansa ya damu.

Kaka yake, Dokta Mihir, alikuwa London. Hospitali yao ilikuwa inajaribu tiba mpya, akaomba kibali, akatuma chupa kumi na barua. Baba Varsha akanisomea:

"Chupa nyeupe ni protini ya kuamsha askari wa mwili. Chupa za bluu ni kingamwili, zinamganda adui ili askari wamwone. Moja bila nyingine ni kazi bure. Zisipate joto kabisa."

Friji la uhakika lilikuwa moja tu, lile la mafuta ya taa la dukani. Ufunguo nikapewa mimi.

"Theo, hiyo ndiyo roho ya mama yako."

"Usiwe na wasi, mzee."

Siku mzee na mkewe walipokwenda hospitali ya misheni kwa dripu ya kwanza, Mabula, mbia wangu wa machimbo, akaja mbio, vumbi hadi kwenye kope.

"Bebe, wewe Theo! Duara letu limetema!"

Sasa, machimboni duara, yaani shimo, likitema dhahabu, wenye hisa mnawanywesha wachimbaji kitu cha baridi siku hiyohiyo. Ukibana, dhahabu inahama. Mimi na elimu yangu ya darasa la saba niliamini kuliko wote.

Bia zilikuwa za moto, friji lenyewe dogo. Nikatoa chupa za dawa zilizobaki, nikaziweka kwenye kaunta, chini ya bati linalowaka jua.

Dakika kumi tu, nikajiambia.

Nilizikumbuka saa kumi na moja jioni. Zilikuwa vuguvugu. Nikazirudisha, nikafunga, nikafuta kaunta.

Mama Varsha akarudi amechoka hoi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Dawa zangu hazijambo?"

"Hazijambo."

Akacheka. "Na wewe, umekula?"

Jamani, mama yule!

Wiki zikapita, hali ikazidi kuwa mbaya. Baba Varsha aliniuliza mara moja tu.

"Theo, ziliwahi kutoka kwenye friji?"

"Hata siku moja, mzee."

Nilimtazama machoni kabisa. Niliogopa kufukuzwa, basi. Hakuna sababu nyingine ya maana.

Desemba akatutoka.

Dokta Mihir alikuja msibani. Baada ya kunishukuru mbele ya watu, akanivuta pembeni, macho mekundu.

"Nilikuwa nimemwekea dada chupa nyingine kumi. Kama hizi za kwanza zingeharibika, ningezituma hizo wiki ileile. Lakini shemeji aliandika kwamba hazikupata joto. Tukajua mwili wake umeikataa tiba. Zile kumi akapewa mgonjwa mwingine."

Nikafungua mdomo niseme. Baba Varsha akaja, akanishika bega.

"Usilie, Theo. Ulifanya yako yote."

Nikaufunga.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kosa, kifo kikamchukua mtu aliyeniuliza kama nimekula.

Ukiharibu, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Huenda kuna chupa kumi nyingine mahali zinasubiri neno lako.

Baba Varsha, nasikia siku hizi uko Mwanza na wajukuu wanakusomea haya mambo ya mtandaoni.

Shikamoo, mzee. Siku ile friji lilikuwa limejaa bia.