Sabuni Ndani ya Paipu ya Mume Wangu

Kwa miaka mingi nilioka keki za kuuza hapa Kangemi, na mkono uliozoea keki ni mgumu kufundishika. Nilipoanza kutengeneza sabuni, nilichanganyia kostiki, ile dawa kali ya kugandisha sabuni, kwenye sufuria yangu ya alumini. Ikaila mpaka ikatoboka. Mume wangu, fundi wa paipu, aliitazama sufuria, akasema nikiharibu kitu kingine mambo ya sabuni yanakwisha. Moyoni nilikataa. Sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda hii.

Wiki iliyofuata nikataka sabuni za mviringo. Uvunguni mwa kitanda kulikuwa na kipande cha paipu nene ya plastiki, urefu wa mkono wangu, alichokiweka mume wangu kwa kazi ya Jumatatu kule mtaa wa Mountain View. Nilikitamani, nikakichukua bila kuuliza. Niliziba mwisho mmoja kwa nailoni, nikapaka mafuta ya kupikia ndani kote, jinsi ninavyopaka chombo cha keki, nikamimina sabuni.

Kumbe kostiki haijui keki. Iliyageuza yale mafuta nayo yakawa sabuni, yote ikashikana na paipu. Jumapili asubuhi nilisukuma kwa mwiko wa ugali, nikagongagonga sakafuni, nikaitukana. Haikusogea hata kidogo.

Mume wangu alinikuta nimeikumbatia kwa magoti.

“Hiyo haitoki,” akasema. “Tukate na msumeno. Na hii maneno ya sabuni iishe leo.”

“Nipe mpaka saa kumi,” nikamwambia. “Unikute sokoni.”

Nilikuwa nimekumbuka kwamba mafuta ya mgando yakishikwa na baridi kali hujiachia kwenye kopo. Basi nikaifunga paipu kwa leso na kuipeleka sokoni kwa mama wa maziwa, mwenye friza. Njiani watu waliniuliza kama na mimi nimekuwa fundi. Mama wa maziwa alicheka, akasogeza pakiti zake, akailaza paipu katikati. Nilikaa hapo dukani nikinywa chai nisiyoisikia ladha, maana niliogopa kweli.

Saa kumi kamili mume wangu alifika na msumeno wake mkononi. Nikaitoa paipu, nikaiacha itoe jasho kidogo, nikaweka kifuniko cha kopo juu ya sabuni, nikasukuma kwa mwiko. Kimya. Nikasukuma tena kwa uzito wangu wote, na ni uzito wa haja. Sabuni ikateleza, ikatoka nzima, nyeupe, ndefu! Mama wa maziwa akapiga vigelegele, na wauza mboga wa nje wakamwitikia bila kujua ni vya nini. Hapohapo nikaikata kwa uzi wa kushonea, visahani kumi na viwili vya mviringo, hakuna kilichovunjika. Nilijiona mkubwa kuliko soko zima.

Mume wangu aliichungulia paipu yake kama darubini. Haikuwa na mkwaruzo. Akaichukua, akaondoka na msumeno wake.

Jumatatu jioni alirudi kutoka kazini na vipande vitatu vya paipu, amevisugua kwa msasa ndani na nje.

“Hizi ni zako,” akasema. “Yangu usiguse tena.”

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaenda kutafuta karatasi ya kuvitandika ndani, sabuni isishike tena.