Suruali ya Karani wa Vyeti

Mama Vifungo, fundi cherehani, alikuwa na kinyongo na mtu mmoja tu: karani wa vyeti vya kuzaliwa. Mara tisa alikwenda dirishani kwake, mara tisa akarudi mikono mitupu.

"Faili halionekani, mama. Njoo kesho."

Halionekani, na mafaili yamerundikwa nyuma yake hadi karibu na dari! Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kuandikisha watahiniwa, na bila cheti, binti yake angekaa nyumbani mwaka mzima.

Jumatatu, nani anaingia kibandani na kitambaa cha kijivu? Karani mwenyewe! Wala hakumkumbuka.

"Fundi, Jumamosi napandishwa cheo. Nishonee suruali inikae kama bwana harusi."

Damu ilimchemka Mama Vifungo, ila alitabasamu hadi magego yakaonekana. Akampima bila haraka. Akaandika "Jumatano, kujaribu" kwenye kipande cha kitambaa, kama anavyomfanyia kila mteja, akakibana kwa pini.

Jumatano karani akaja.

"Kitambaa chako hakionekani, baba. Njoo kesho."

"Hakionekani vipi? Si kile pale rafuni!"

"Hata faili la binti yangu liko rafuni. Mara tisa, baba. Nimehesabu."

Karani akamkodolea macho, kisha jasho likamtoka. "Aa, mama! Mambo ya ofisi yana utaratibu wake."

"Na ya hapa pia. Benchini kwako nimekaa na wenzangu sita, majina yao haya hapa. Nataka vyeti saba. La sivyo, kapokee cheo na kaptura."

Alhamisi mchana vyeti saba vilitua juu ya meza ya kukatia, wino wa mihuri haujakauka. Kumbe vinawezekana! Mama Vifungo alilisoma jina la binti yake herufi moja moja, na Ijumaa asubuhi mtoto akaandikishwa.

"Basi msamehe, mke wangu," mumewe akasema. "Yameisha."

"Yameisha kwako."

Akaketi kwenye cherehani. Suruali ilitoka safi, mshono umenyooka kama rula. Kiuno tu ndicho alichokipunguza vidole viwili.

Jumamosi karani alisikiliza hotuba zote tatu amebana pumzi, na alipoitwa mbele kupokea barua yake, hakuthubutu kuinama.