Tope la Mikoko Chini ya Mpunga

Keekee yetu ya kuchukulia sampuli za udongo ilitoboa shamba la mama mwenyeji wangu, kijijini Mbwera, ikapandisha majivu na makombe ya chaza walioliwa na watu wa kale. Juu ya tabaka hilo lilikaa tope la mikoko: maji ya chumvi yalipanda, watu wakahama. Na sasa mpunga wa upande wa maji ulishaanza kuungua kwa chumvi.

"Haya mwanangu, udongo umesemaje?" mama aliniuliza.

"Watu waliishi hapa zamani."

"Umechimba kutwa kwa hilo tu? Chuo chenu kina kazi!"

Mimi ninayebishana hata na wahadhiri, niliinama kuosha keekee. Akaniletea pepeta za kutafuna, mpunga mpya uliokaangwa na kutwangwa.

"Siku hizi wanunuzi binafsi wanaufuata hapahapa. Mwakani naongeza majaruba upande wa maji, au siyo?"

Niliitikia kwa kichwa, nikishukuru kwamba kinywa kilikuwa kimejaa.